Kidevu Kinacholingana na Gari

Siku Wizara ya Habari, Uchukuzi na Mwonekano wa Taifa ilipotangaza kwamba hakuna tena mwananchi atakayeruhusiwa kununua gari ambalo tangazo lake la televisheni halimfai, Bwana Kigezo alikuwa amesimama nyuma ya Waziri, upande wa kushoto, mahali ambapo kamera humwonyesha mtu sikio tu. Hilo halikumsumbua. Sikio moja kwenye taarifa ya habari si haba kwa mtumishi aliyekaa chumba cha stoo miaka yote akihesabu viti vilivyovunjika.

Waziri alisoma tamko lake kwa sauti yenye mtetemo, kama mtu anayetangaza uhuru. Alisema taifa limevumilia vya kutosha. Alisema watoto wanakua wakiona gari moja kwenye televisheni na gari lile lile barabarani, na wanashindwa kuelewa kwa nini dereva si yule. Bendi ikapiga. Waandishi wa habari wakapewa soda.

Chanzo cha yote hayo kilikuwa tangazo la pikapu. Waziri alilitazama jioni moja akiwa amejilaza kwenye kochi: kijana mwenye ndevu za wastani na shati lililofunguliwa vifungo vya juu anapandisha pikapu kwenye majabali, anafika kileleni, anasimama juu ya boneti na kukunjua mikono kama anayetaka kulikumbatia anga. Asubuhi yake, kwenye foleni ya kwenda kazini, Waziri akaliona gari lile lile pembeni yake. Nyuma limepakia magodoro. Mbele ameketi mzee mwenye upara, anachokonoa meno kwa njiti. Waziri hakuweza kula mchana ule.

Kamati ya wataalamu ikaundwa. Ikajifungia hotelini, ikala, ikalala, ikaamka, ikajadili swali moja: kati ya tangazo na mnunuzi, nani mwongo? Jibu lao lilikuwa la kisayansi. Tangazo, walisema, limetengenezwa na watu wenye ujuzi, likapigwa taa, likawekewa muziki, likakaguliwa picha kwa picha kabla ya kutolewa. Mnunuzi ametengenezwa na wazazi wake tu, tena bila usimamizi wowote. Kasoro haiwezi kuwa kwenye tangazo.

Ndipo ikazaliwa Ofisi ya Ulinganifu wa Wanunuzi, na Mkaguzi Mkuu wake akawa huyo Bwana Kigezo. Hilo halikuwa jina lake la kuzaliwa. Wenzake walimwita hivyo kwa sababu hakuweza kupokea hata kikombe cha chai bila kuuliza kimetimiza vigezo gani. Yeye alidhani ni sifa.

Ofisi ilipewa chumba cha chini, na Kigezo akakipanga mwenyewe. Katikati aliweka kiti cha dereva kilichong'olewa kwenye gari bovu, mbele yake usukani usiozungusha chochote, na mbele ya usukani televisheni kubwa. Pembeni lilisimama feni lenye nguvu ya kung'oa wigi. Mwombaji aliketi, tangazo la gari analolitaka likaanza, feni likawashwa, na wakaguzi wakamtazama yeye, wakatazama tangazo, wakamtazama tena. Alama zilitolewa kwa kidevu, kwa macho kutazama mbali, kwa nywele kupeperuka, na kwa kile ambacho mwongozo ulikiita "kutokuwa na shida inayoonekana". Hicho cha mwisho ndicho kilichowaangusha wengi.

Mwongozo huo aliuandika Kigezo baada ya kutazama matangazo yote ya magari mpaka macho yakamwasha. Aligundua kwamba kwenye matangazo hakuna anayepakia mzigo. Hakuna anayetafuta mahali pa kuegesha, hakuna anayeweka mafuta, hakuna anayegeuka nyuma kuwaambia watoto waache kupigana. Barabara ni tupu, utadhani watu wengine wote wameambiwa wabaki nyumbani. Kutokana na hayo akaandika sentensi aliyojivunia kuliko zote: "Mnunuzi halali wa gari ni mtu asiyekuwa na safari."

Wananchi walilalamika kidogo, kisha wakafanya kile wanachofanya siku zote, yaani wakatafuta njia. Nje ya lango la Wizara biashara ikachipuka. Kulikuwa na waliokodisha miwani ya jua, waliokodisha mawigi ya kupeperuka, na bibi mmoja aliyekodisha mbwa wa manjano, mpole, hajawahi kuuma mtu. Mwalimu mmoja kapera alitaka gari la familia, ambalo tangazo lake lina mama, watoto wawili na mbwa. Akawakodi wote, akaingia nao ukaguzini, akafaulu. Walipotoka na gari jipya, mke na watoto wa kukodi wakashuka wakaenda zao. Mbwa ndiye aliyekataa kushuka.

Mwenye bucha wa sokoni alilipenda gari dogo linalotangazwa na binti anayecheza kwenye manyunyu akiwa na mwavuli mwekundu. Alifanya mazoezi nyuma ya bucha, jioni baada ya jioni, na aproni yake. Siku ya ukaguzi alicheza mpaka mkaguzi mmoja akafuta machozi. Kigezo aligonga mhuri kwa mkono wake mwenyewe, akarudi nyumbani akiamini kwamba nchi inabadilika.

Kisha akaja dada yake.

Dada Turubai, kama mtaa mzima ulivyomwita, alikuwa akikodisha maturubai na viti kwa harusi na misiba. Alikuwa mwanamke mpana, mwenye mikono ya kukaza kamba na sauti iliyozoea kuwaamrisha wanaume waliopanda juu ya nguzo. Ndiye aliyemlea Kigezo tangu mama yao alipofariki. Hakuwa na gari. Maturubai yake yalisafiri kwa mikokoteni na kwa hisani ya watu, na hisani ya watu haina saa. Karibuni tu, kwenye msiba wa fundi seremala wa mtaa wa pili, turubai lilifika waombolezaji wakiwa wanarudi makaburini. Mvua ilikuwa imemnyeshea mjane akiwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, cha Dada Turubai mwenyewe, bila kitu juu yake. Dada alikataa malipo, akaenda kumwomba mjane radhi, akarudi nyumbani akasema sasa basi, anataka pikapu.

Hakumwambia mdogo wake kwamba anakuja. Kigezo alitoka tu chumbani akamwona kwenye benchi, ameketi kati ya vijana wawili wenye miwani ya jua, mkoba mapajani. Akamvuta pembeni kwenye korido. Akamweleza kwa upole kwamba pikapu ni gumu, tangazo lake lina majabali, labda angefikiria gari jingine.

"Lipi lina mwanamke kama mimi?" dada akauliza.

Kigezo alikuwa mtu mkweli, akafikiri. Lipo moja, akasema. Lakini huyo mwanamke yuko kiti cha nyuma, ni mama mkwe, na sifa ya gari ni kwamba injini yake imetulia mpaka yeye akapitiwa na usingizi na kuacha kusema.

Dada akaingia chumba cha ukaguzi bila kungoja kuitwa.

Aliketi kwenye kiti, na kiti kikalia. Tangazo likaanza, ndevu na majabali. Feni likawashwa. Kitambaa cha kichwani alikuwa amekifunga kwa fundo lile lile analofungia maturubai, na katika chumba kizima hakuna kilichopeperuka isipokuwa karatasi za wakaguzi. Akaombwa atazame mbali. Akatazama feni, akasema limejaa vumbi, litawaletea kikohozi. Mkaguzi kijana akasoma swali la mwongozo: unakwenda wapi?

"Msibani," akasema Dada Turubai.

Mkaguzi akauliza, na baada ya hapo?

"Msiba mwingine. Jumamosi nina harusi."

Mkaguzi huyo alikuwa na roho nzuri. Akainama akamnong'oneza kwamba jibu lililoidhinishwa ni "pale njia inapoishia", na kwamba akilisema tu, alama za sehemu hiyo ni zake.

"Si ndiyo makaburini huko?" dada akasema. "Nimeshakujibu."

Mwongozo haukusema lolote kuhusu ndugu, kwa sababu Kigezo mwenyewe aliona kwamba vigezo havina ndugu. Akachukua mhuri mwekundu. Dada yake alisimama mbele ya meza akimtazama anavyoupiga, na hakupandisha sauti.

"Mdogo wangu, nilipokuwa nakubeba mgongoni kukupeleka zahanati, kuna mtu alinikagua kama nafanana na mama?"

Kigezo alimjibu kwamba wakati ule mwongozo ulikuwa bado haujatungwa. Dada alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa taarifa ya kifo, akatoka.

Baada ya hapo hakumpigia simu. Jumapili Kigezo alipokwenda kula kwake kama ilivyo desturi yao, alikuta chakula kimefunikwa mezani na dada hayupo. Chakula kilikuwa kitamu vile vile. Hilo ndilo lililomuuma. Angalau angekizidisha chumvi, mtu ajue amekasirikiwa.

Ilikuwa katika majuma hayo hayo ambapo Waziri aliamua kununua gari jipya la kazi, na kwa kuwa yeye ni kiongozi wa mfano, akaagiza akaguliwe hadharani, uwanjani pa Wizara, televisheni ikirusha moja kwa moja. Gari lilikuwa refu, jeusi, linalong'aa kama kiatu cha mwanajeshi. Kigezo akalitafuta tangazo lake, akalitazama peke yake ofisini. Kunapambazuka. Mwanamume aliyekomaa, peke yake, ameshika usukani kwa mkono mmoja, anateleza kwenye barabara ndefu. Kisha sauti nzito inasema: "Kwa yule ambaye hakuna anayemwendesha."

Kigezo alilirudia tangazo akitumaini kwamba safari hii kutakuwa na dereva wa kumwendesha mtu huyo. Hakuwepo.

Alikwenda kwa Katibu wa Wizara. Nchi nzima ilijua kwamba Waziri anaendeshwa, tena tangu alipokuwa mwenyekiti wa mtaa, na hakuna aliyewahi kumwona upande wa usukani. Katibu, mtu wa maneno laini, alisema jambo hilo ni la tafsiri tu. Dereva wa Waziri ni mkono wa Waziri, na mtu akiendeshwa na mkono wake mwenyewe, amejiendesha. Ukaguzi ufanyike Mheshimiwa akiwa kiti cha nyuma, mhuri wa kijani upigwe, watu wakale.

Siku nyingine yoyote Kigezo angeliona hilo ni busara. Lakini alikumbuka kile chakula kilichofunikwa. Kama sheria inaweza kulegezwa kwa Waziri, basi ingeweza kulegezwa kwa dada, na kama ingeweza kulegezwa kwa dada, yeye alikuwa amemtendea nini? Alihitaji sheria hiyo iwe ngumu. Alihitaji iwe ngumu kwa kila mtu, la sivyo asingeweza tena kulala. Akamwambia Katibu kwamba mwongozo unasema mnunuzi, hausemi mkono.

Katibu alishtuka, akampeleka kwa Waziri ili akakemewe. Kigezo akaeleza, akitazama zulia, kwamba tangazo linamtaka Mheshimiwa aendeshe mwenyewe. Waziri angeweza kusema hapana, na mambo yangeishia hapo. Lakini mle ndani walikuwamo maofisa wengi, na hakuna waziri aliyewahi kukiri mbele ya maofisa kwamba kuna kitu asichokiweza.

"Mimi nimeanza kuendesha wewe hujazaliwa," akasema.

Dereva wake, aliyekuwa mlangoni na mkoba wa bosi, aliangalia dari.

Siku ikafika. Jukwaa likapambwa, mabalozi wakaketi, bendi ikajipanga. Feni lililetwa uwanjani kwa waya mrefu. Waziri alivaa suti ya kijivu na miwani ya jua, akalisogelea gari huku akishangiliwa. Dereva, kwa mazoea, akamfungulia mlango wa nyuma. Waziri, kwa mazoea, akaingia. Makofi yakapungua. Kigezo akaenda kumwinamia dirishani na kumkumbusha. Waziri akashuka, akazunguka gari, akaingia mbele.

Kisha hakikutokea kitu.

Kidevu kilikuwa juu. Macho yalitazama mbali. Nywele zilizobaki zilipeperuka vizuri. Mtangazaji wa televisheni alisema Mheshimiwa anatafakari. Bendi ilimaliza wimbo ikauanza tena. Mtangazaji akasema Mheshimiwa bado anatafakari, na kwamba hilo ndilo linalotofautisha viongozi na madereva. Vidole vya Waziri vilikuwa vinabonyeza kila kilichokuwa na umbo la kubonyezwa. Vifuta kioo vikaanza kufagia jua. Redio ikalia, ikazimwa. Hatimaye dereva alishindwa kuvumilia, akasogea dirishani, na kipaza sauti kilichofungwa pale kwa ajili ya hotuba kikayachukua maneno yake na kuyapeleka kila nyumba yenye televisheni:

"Mheshimiwa, kanyaga breki ndiyo uwashe."

Injini ikawaka. Umati ukashangilia kwa dhati, kama unavyomshangilia mtoto anaposimama mara ya kwanza. Waziri akavuta gia, akarudisha kidevu mahali pake, akatazama mbele kwa uso wa mtu anayeujua mwisho wa safari yake. Gari likaanza kwenda kinyumenyume.

Lilikwenda taratibu, kwa heshima. Lilipita mbele ya mabalozi, likapita mbele ya bendi, likatoka langoni kwa matako. Walinzi wakapiga saluti, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuwaambia kiongozi anapigiwa saluti upande gani. Waziri hakugeuza shingo hata mara moja. Mwongozo ulikataza kutazama nyuma, na tena, kama alivyokuja kueleza baadaye, angegeuka wananchi wangejua kwamba hakukusudia. Kigezo akalifuata mbio na mhuri mkononi, maana mkaguzi hapaswi kumwacha mnunuzi kabla ya kutoa matokeo.

Gari lilishuka mteremko wa barabara ya Wizara, likajichomeka kwenye foleni, likatulia lilipogusa mkokoteni wa mitungi ya maji. Mwenye mkokoteni hakugombana. Alikuja akachungulia, akamtambua, akaita wenzake. Baada ya muda mfupi dirisha lilikuwa limezungukwa na watu wenye simu, wanapiga picha. Kigezo alipenya akifuta jasho. Waziri alishusha kioo kidogo.

"Nimelingana?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Uso umelingana sana, Mheshimiwa," akasema Kigezo. "Gari ndilo lililokuwa linakwenda upande mwingine."

Akapiga mhuri mwekundu juu ya boneti, kwa kuwa hapakuwa na meza.

Kifungu kuhusu viongozi kilikuwa wazi, na aliyekiongeza ni Waziri mwenyewe enzi za shangwe: kiongozi atakayeshindwa hadharani atatafutiwa, hadharani vile vile, chombo ambacho tangazo lake linamfaa. Wakaguzi wakajifungia chumbani wakatazama matangazo yote upya. Walitafuta chombo ambacho mhusika wake ameketi tu, hajui kuendesha, hajui kinakokwenda, anasukumwa na wengine, anahudumiwa kwa kila kitu, na muda wote uso wake umeridhika. Kwenye magari hawakukipata. Walikipata kwenye tangazo lililofuata baada ya magari, na kila kipengele kikapata alama kamili. Ni Kigezo aliyesimama mbele ya kamera, safari hii na masikio yote mawili, akasoma kwamba kwa kufuata vigezo, na bila upendeleo, Ofisi imempangia Mheshimiwa kigari cha kusukumia mtoto mchanga, chenye kivuli.

Sheria ilisimamishwa kabla taarifa ya habari haijafika kwenye michezo. Tamko lilisema imefikia malengo yake mapema kuliko ilivyotarajiwa. Kigezo alihamishiwa Idara ya Milango, inayosimamia ipi ifungukie ndani na ipi nje. Aliipokea barua hiyo kwa utulivu uliomshangaza yeye mwenyewe.

Jumamosi alikwenda kwa dada yake bila kujua atasema nini. Alikuta pikapu uani, jeupe, limeshapata mkwaruzo. Dada alikuwa juu yake, anapanga viti, na alipomwona mdogo wake hakusalimu. Kigezo alisimama. Alianza kusema kwamba ule mwongozo, alipoutunga, alikuwa amefikiri kwamba...

"Shika kamba," akasema dada. "Kaza. Hivyo hivyo. Msiba uko mbali, twende."

Akashika kamba, akakaza, akapanda kati ya viti. Njiani, upepo ukimpiga, alijiona hana sura ya mtu yeyote aliyewahi kumwona kwenye tangazo, na hakuona haja ya kumwambia mtu.

Ofisi ya Ulinganifu yenyewe ilikatazwa kukagua wanunuzi, lakini hakuna aliyekumbuka kuifunga. Wakaguzi waliobaki walikuwa wakicheza bao la kuchora kwenye karatasi, ombi likaingia. Kampuni inayotengeneza vigari vya watoto iliomba kibali cha kutumia zile picha za Mheshimiwa akirudi kinyumenyume, kidevu juu, katika tangazo lake jipya, kwa kuwa utafiti wake ulionyesha kwamba wazazi wanataka kigari kinachomfanya aliyemo ajisikie anaongoza. Wakaguzi walilichunguza ombi kwa makini, wakalinganisha mhusika na bidhaa, wakaona hawana sababu ya kukataa. Wakagonga mhuri wa kijani.

Waziri aliliona tangazo hilo kwa mara ya kwanza akiwa nyumbani, amejilaza kwenye kochi lake. Pembeni yake aliketi mke wake, mama ambaye maisha yake yote hajawahi kusifu tangazo la aina yoyote. Alilitazama mpaka mwisho, akaweka kikombe chini, akasema hili sasa wamepatia.